Goma: Watoto wa kwanza wa elimu ya bure wafika kwenye mlango wa kulipia

Mtoto wa Goma aliyeingia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi mwezi Septemba 2019, na ambaye hakurudia darasa hata mara moja, alimaliza mwaka wa sita katikati ya mwaka 2025. Yeye na wenzake ndio wa kwanza kusoma msingi yote, tangu mwaka wa kwanza hadi wa sita, chini ya elimu ya bure iliyotangazwa na Rais Félix Tshisekedi. Miaka sita mzazi hakudaiwa minervali wala primu ya mwalimu, angalau kwa sheria.

Hatua inayofuata ni mwaka wa saba, na hapo hesabu inabadilika. Katika shule nyingi za sekondari za mji huu mwanafunzi akifika kwenye geti siku ya kukaguliwa, anayesimama pale haulizi buletini. Anauliza risiti.

Mtoto huyo hajabadilika. Ni yule yule, ana shati lile lile jeupe na suruali ya bluu, na mara nyingi shule yenyewe iko katika kiwanja kimoja na ile aliyotoka, imejengwa kwa mbao zile zile juu ya mawe meusi ya volkano. Kilichobadilika ni nani anamlipa mwalimu.

Miaka sita ya darasa moja

Inafaa kukumbuka darasa hilo lilipita wapi. Masomo yalifunguliwa tarehe 2 Septemba 2019, na katika wiki chache vyumba vilijaa kupita kiasi. Watoto waliokuwa nyumbani walirudi, wengine walihama kutoka shule za binafsi, na Goma ikazoea kuona chumba kimoja chenye watoto zaidi ya mia moja, wanne au watano kwenye dawati la wawili, wengine wamekaa chini.

Mwezi Machi 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya Corona. Zilifungwa tena tarehe 18 Desemba mwaka huo huo, zikafunguliwa Februari 2021. Miezi mitatu baadaye, usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ikalipuka. Lava ilimeza nyumba na shule upande wa Buhene na teritware ya Nyiragongo, na siku tano baadaye wakuu wakaamuru mitaa kumi ya Goma ihame. Familia zilienda Sake, Minova, Rutshuru, Gisenyi. Watoto wa mwaka wa pili wakati ule walijifunza neno « tetemeko » kabla ya kujifunza kuligawanya katika silabi.

Kisha vita. M23 walianza tena mashambulizi mwishoni mwa 2021, wakachukua Bunagana Juni 2022, Rutshuru na Kiwanja Oktoba 2022. Wakimbizi wa ndani walijaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo, na shule kadhaa za pembeni ya mji ziligeuka kuwa mahali pa kulala. Darasa hilo lilikuwa katika mwaka wa sita, muhula wa pili umeanza, wakati mji wenyewe ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 tarehe 27 Januari 2025. Shule zilifunga, risasi zilipita juu ya mabati, maiti zilizikwa, na mwezi Februari watoto wakaombwa kurudi darasani.

Mtoto aliyevuka yote hayo na bado akashika cheti chake cha msingi amefanya kazi kubwa. Sasa anaambiwa alete pesa.

Sheria mbili zisizopatana

Wazazi wengi wanaamini kwamba elimu ya bure inaishia mwaka wa sita kwa sababu Serikali imekosa pesa za kuendelea. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko kwenye karatasi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Ni sentensi fupi. Miaka minane baadaye, tarehe 11 Februari 2014, ilitoka sheria namba 14/004 inayopanga elimu ya taifa. Sheria hiyo ilileta wazo jipya: elimu ya kimsingi ya miaka minane. Sita ya shule ya msingi, na miwili inayofuata, yaani mwaka wa saba na wa nane. Baada ya hapo ndipo zinakuja humanité za miaka minne, pamoja na chaguo zake: pedagojia, biokemia, biashara, ushonaji, umeme na nyinginezo, na mwishoni mtihani wa Serikali, Exetat.

Kwa hiyo, kwa sheria ya 2014, mtoto wa mwaka wa saba bado yuko katika elimu ya kimsingi, ile ambayo nchi inaona kila raia lazima awe nayo. Lakini kwa Katiba ya 2006, ahadi ya bure inataja msingi tu. Mwaka wa saba na wa nane viko katikati: ni vya lazima katika fikira, ni vya kulipia katika maisha. Mpango wa sekta ya elimu wa 2016 hadi 2025 ulikusudia kuijenga taratibu elimu hiyo ya miaka minane. Mwaka 2025 umefika, na darasa la kwanza la bure limefika pia, na kwenye geti bado wanauliza risiti.

Kosa si la mtunga Katiba. Mwaka 2006 hata msingi wenyewe ulikuwa unalipiwa, na ulibaki kulipiwa miaka mingine mingi. Mwaka 2010 Serikali ya Joseph Kabila ilijaribu kuanza na miaka mitatu ya kwanza, nje ya Kinshasa na Lubumbashi. Wazazi wa Goma wanakumbuka vizuri: karatasi ilisema bure, mtoto akafukuzwa kwa primu.

Primu ilitoka wapi

Ili kuelewa sababu ya sekondari kuwa ghali, lazima kurudi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Dola ya Zaire ilikuwa inaanguka. Bajeti ya shule ilikuwa imekatwa tangu miaka ya 1980, mshahara wa mwalimu ulikuwa haununui hata mfuko wa unga, na migomo ilifunga shule kwa muda mrefu. Ili watoto warudi darasani, Kanisa Katoliki na kamati za wazazi walikubaliana kwamba wazazi wamuongezee mwalimu kitu. Kilikuwa kiraka cha muda.

Kiraka hicho kimezeeka zaidi ya walimu wengi wanaokipokea leo. Na kilikua. Pesa za mzazi hazikuishia mfukoni mwa mwalimu. Sehemu ilibaki shuleni kwa chaki na mbao, sehemu ilipanda kwenye ofisi ya mtandao unaosimamia shule, sehemu nyingine kwa wakaguzi na idara ya elimu. Kongo shule nyingi za umma zinaendeshwa na makanisa, kwa mkataba uliosainiwa na Serikali tarehe 26 Februari 1977: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbanguisti, na baadaye Waislamu. Ofisi zote hizo zina kodi ya nyumba, karatasi, mafuta ya pikipiki. Zilikuwa zinakula kwenye sahani moja na mwalimu, na sahani iliwekwa mezani na mama anayeuza sambaza Kituku.

Mwaka 2019 Serikali iliiondoa sahani hiyo upande wa msingi. Ilifanya vizuri. Benki ya Dunia ilikubali Juni 2020 kuweka dola milioni 800 katika mradi wa kusaidia jambo hilo, na walimu wengi wa msingi waliokuwa hawalipwi waliingizwa kwenye orodha ya mshahara. Lakini ofisi zile hazikufungwa, na njaa yao haikuondoka. Mzigo uliokuwa unabebwa na msingi na sekondari pamoja ulibaki kwa sekondari peke yake. Mtu anayeshangaa kwa nini gharama za sekondari hazishuki wakati msingi ni bure, jibu liko hapo.

Kuna na walimu wenyewe. Katika sekondari ya Goma, kama kwingine nchini, chumba cha walimu kina watu wa aina mbili. Kuna wale wanaolipwa na Serikali, na kuna wale wanaoitwa NP, wasiolipwa, au walimu wa « nouvelles unités » wanaongoja jina lao litoke kwenye orodha. Wengine wanangoja miaka. Mwalimu wa hesabu asiyelipwa na Serikali anakula primu tu. Prefe wa shule akiamua kuwa na huruma na wazazi, anamnyima chakula mwalimu huyo. Akimhurumia mwalimu, anawafukuza watoto. Prefe wengi wa mji huu wanaishi kati ya hayo mawili kila mwezi, na si haki kuwaona wote kama wezi.

Kilichomo ndani ya hesabu

Kila mwaka gavana wa mkoa anasaini arete inayoweka malipo ya shule. Minervali yenyewe, ile ya Serikali, ni ndogo sana, karibu ya mzaha. Inayouma ni primu. Juu yake kuna pesa za uendeshaji, bima, uchapaji wa buletini, na katika shule za ufundi malighafi: kitambaa kwa wanaoshona, waya kwa wa umeme. Mwaka wa nane unaongeza gharama za mtihani wa uchaguzi wa njia, TENASOSP. Mwaka wa mwisho unaongeza za Exetat. Halafu kuna yale yasiyo kwenye arete yoyote: mchango wa ukuta, mchango wa sherehe, kitabu kidogo cha mwalimu ambacho « si lazima », lakini asiyenunua atajua kwenye mtihani.

Familia ya Ndosho, Katoyi au Majengo haipati pesa kwa mwezi. Inapata kwa siku. Mwenye chukudu anajua jioni alichopata kwa kupakia viazi. Mama wa soko la Virunga anajua saa kumi na moja kama siku ilikuwa nzuri. Shule inataka kwa awamu, mara tatu kwa mwaka, pesa nyingi kwa pamoja. Ndiyo maana likirimba za akina mama zimekuwa ofisi ya siri ya sekondari za Goma. Mama anaomba zamu yake iangukie Septemba, wenzake kumi nao wanaomba hiyo hiyo. Anayepata zamu ya Novemba, mtoto wake anajua barabara ya kurudi nyumbani saa tatu asubuhi.

Kufukuzwa huko ndiko kunakokata masomo ya watoto wengi, kuliko kufeli. Hakuna siku ambayo mzazi anatangaza kwamba mtoto ameacha shule. Anafukuzwa wiki moja, anarudi, anafukuzwa mbili, anakosa maswali, anakosa mtihani wa kipindi, anaona aibu mbele ya wenzake. Siku moja anabaki kusaidia kwenye meza ya vocha na mkate. Mwezi unapita. Kwenye kitabu cha shule anaandikwa « aliacha ».

Na mara nyingi ni binti. Familia yenye watoto watatu wanaostahili kuwa sekondari na pesa za mmoja inafanya hesabu ambayo haisemwi mezani. Mvulana atapewa nafasi kwa kuwa « atasaidia ukoo ». Binti wa miaka 13 au 14 tayari anaonekana mkubwa, anaweza kulea wadogo, anaweza kuuza, na kuna mtu amekwisha uliza kwa wazazi. Pasipo na pesa ya awamu, jibu hilo linakuja haraka. Kuna na binti anayeambiwa na mtu mzima kwamba « nitakulipia ». Mji wote unajua bei ya maneno hayo, ila ni wachache wanaoyaandika katika ripoti za elimu.

Jirani walipita wapi

Nchi za jirani nazo hazina elimu kamilifu, lakini zimepita kwenye mlango huu na zimeacha alama za kufuata. Uganda ilianza sekondari ya bure kwa wote mwaka 2007. Kenya ilifuata mwaka 2008 kwa shule za kutwa, na tangu 2018 Serikali yake iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Tanzania ilitoa waraka namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Rwanda, ambayo mtu wa Birere anaiona akiinua macho tu, ilianza mwaka 2009 elimu ya kimsingi ya miaka tisa bila ada, sita ya msingi na mitatu ya sekondari, na vyumba vingi vilijengwa kwa mikono ya wananchi.

Kote huko vyumba vilijaa, wazazi walianza kuombwa michango kwa jina lingine, na ubora ukalalamikiwa. Lakini kuna jambo moja la kushika. Zile zilizofika mbali hazikuishia kwenye kutangaza neno « bure ». Ziliandika kiasi gani Serikali itaweka shuleni kwa kila kichwa cha mtoto, badala ya kile mzazi alichokuwa anatoa. Kenya ina namba, na namba ikichelewa kufika shuleni, mkuu wa shule na gazeti wanaweza kuidai mbele ya watu wote. Mzazi wa Goma hana namba ya kudai. Ana tangazo.

Kwa Kongo hatua ya karibu zaidi si kufanya sekondari yote bure kesho asubuhi. Hiyo ingerudisha yale ya 2019 kwa ukubwa mara mbili. Hatua ya karibu ni ile miaka miwili, wa saba na wa nane, ambayo sheria ya 2014 imekwisha kuiita ya kimsingi. Ni kuingiza walimu wake wote kwenye orodha ya mshahara, kuweka kiasi kinachojulikana kwa kila mwanafunzi, na kuzilipia ofisi za usimamizi kutoka bajeti ili ziache kukaa kwenye primu. Mtoto angefika hadi miaka 14 bila kuulizwa risiti. Kwa binti, miaka hiyo miwili ni ile ile ambayo watu wanaanza kuuliza kwa wazazi.

Mji wenye mabwana wawili

Tatizo ni kwamba mwaka darasa hili lilipofika mlangoni, Goma haikuwa na mtu mmoja wa kupiga hodi kwake. Mtaala, mitihani na vyeti ni vya Kinshasa, na diplome isiyo na sahihi ya Kinshasa haimpeleki mtoto kwenye chuo chochote cha nchi. Ofisi za mkoa ziko chini ya AFC/M23. Mtihani wa Serikali wa 2025 ulifanyika Goma, jambo ambalo wazazi wengi hawakuwa na uhakika nalo miezi michache kabla.

Pesa ndizo zilizokosa njia. Benki zilifunga milango Januari 2025 na uwanja wa ndege ukafungwa. Mishahara ya walimu wa Serikali ilikuwa imehamishiwa benki tangu 2011. Kwa miezi mingi mtu wa Goma mwenye pesa kwenye akaunti alivuka hadi Gisenyi kuzitoa, au alizitoa kwa simu na kuacha sehemu kwa anayemtolea. Mwalimu aliyepokea kidogo alibaki na kidogo zaidi, na macho yake yakageuka tena kwa mzazi. Mzazi naye alikuwa amepoteza kazi kwenye shirika lililoondoka, au duka lake la Birere liliporwa, au alikuwa analipa usafiri wa bidhaa mara mbili.

Wakimbizi wa ndani waliokuwa kwenye kambi za pembeni waliambiwa Februari 2025 warudi makwao, na kambi zikavunjwa. Watoto waliosoma msingi kwenye mahema ya Bulengo au Lushagala walirudi Masisi na Rutshuru, ambako sekondari iliyo karibu inaweza kuwa saa mbili kwa miguu, na buletini ya kambini si kila prefe anaitambua. Wengine walibaki mjini, wanalala kwa ndugu, na kwenye orodha za usajili wanaonekana kama watoto wa Goma. Kwa hesabu ya familia hizo, swali la mwaka wa saba linakuja baada ya swali la kodi ya nyumba na la unga.

Mwishoni mwa Agosti, kwenye meza za mitumba za Birere, akina mama huchagua mashati meupe. Wengine hawachagui. Wanaleta shati la mwaka wa sita kwa fundi wa cherehani aliye pembeni ya barabara, anashusha pindo, anabadili kola iliyoisha, anakazia vifungo. Sare ya msingi na ya sekondari ni moja nchi nzima, nyeupe na bluu. Pesa iliyookolewa kwenye shati inafungwa kwenye kona ya kitenge, pamoja na ile ya zamu ya likirimba, kungoja awamu ya kwanza.